Microsoft Defender Offline na mnyoo wa shotikati: kuua inajua, ukarabati ni wako

Anayeendesha duka la steshenari anaijua dalili hii bila kuambiwa. Mteja analeta flashi ya kuchapisha barua, inachomekwa, na folda zote ndani yake zimegeuka shotikati zenye kimshale kidogo kwenye kona ya ikoni. Ukibofya, folda inafunguka kama kawaida, kwa hiyo kazi inaendelea. Ikifika jioni, flashi za wateja wengine zimetoka dukani zikiwa na vimshale vilevile. Huyo ni mnyoo: programu inayojinakili yenyewe kutoka flashi hadi kompyuta na kutoka kompyuta hadi flashi nyingine, bila kuhitaji mtu wa kuituma.

Tunachokipima hapa ni Microsoft Defender Offline, skani iliyomo tayari ndani ya Windows 10 na Windows 11. Haina malipo, na wengi hawajawahi kuigusa. Ilianza mwaka 2011 ikiwa diski ya kuwashia kompyuta; tangu toleo la 1607 la Windows 10, la mwaka 2016, imekaa ndani ya mipangilio yenyewe. Hukumu yetu tunaitoa mapema. Kwa kuua mnyoo tunaipa nne kati ya tano. Kwa kuirudisha kompyuta katika hali yake ya awali tunaipa moja, maana kazi hiyo haifanyi. Hapo ndipo watu wengi wanapodhani kompyuta imekataa kupona, wanamwita fundi apige Windows upya, na mafaili ya miaka yanapotea bila sababu.

Mnyoo kwa karibu

Bofya kulia kwenye shotikati mojawapo, usibofye mara mbili, uchague Properties, kisha soma kisanduku cha Target. Utakuta kitu cha namna hii:

C:\Windows\System32\cmd.exe /c start wscript.exe picha.vbs & start explorer "Barua" & exit

Ni amri tatu katika mstari mmoja. Ya kwanza inaamsha wscript.exe, programu halali ya Windows ya kuendesha skripti, na kuipa skripti ya mnyoo iisome. Ya pili inafungua folda yako halisi, ambayo imefichwa tu, ili usishtuke. Ya tatu inafunga dirisha jeusi kabla jicho halijaliona vizuri. Jina la faili hubadilika kila mara, na badala ya .vbs unaweza kukuta .vbe, .js au .exe. Kisanduku cha Target hakionyeshi amri ndefu yote, kwa hiyo ukikiona kimejaa nafasi tupu usiseme ni salama. Nafasi hizo mara nyingine zimewekwa makusudi ili amri isukumwe nje ya macho.

Akishaingia kwenye kompyuta, mnyoo wa aina hii anajinakili ndani ya %APPDATA% au %TEMP%, anajiweka kwenye folda ya Startup, na anaandika jina lake kwenye ufunguo wa Run, orodha ya programu zinazoanza pamoja na Windows, katika Rejistri, yaani daftari la mipangilio ya Windows. Baada ya hapo anakaa kwenye memori akiangalia mambo mawili: kama kuna flashi mpya imechomekwa, na kama maandishi yake bado yapo kwenye Rejistri. Ukiyafuta kwa mkono, ndani ya sekunde chache ameshayaandika tena. Ndiyo maana kuhangaika naye ndani ya Windows inayoendelea kufanya kazi ni sawa na kufagia huku mwenzako anamwaga mchanga.

Familia ya Jenxcus, ambayo Microsoft ilifungua kesi mwaka 2014 dhidi ya waliokuwa nyuma yake na nyuma ya familia nyingine, Bladabindi, ilifanya kazi kwa namna hii: skripti ya VBS iliyosambaa kwa flashi, na nyuma yake mlango wa mtu wa mbali kuiendesha kompyuta. Kwa hiyo usimhesabu mnyoo huyu kuwa usumbufu wa shotikati tu. Kompyuta inayotumika kujaza fomu za wateja, zenye namba za NIDA na nywila za barua pepe, ina cha kuibiwa.

Kwa nini shotikati na si autorun.inf, faili lililoamsha programu ya flashi lenyewe, kama zamani? Kwa sababu tangu Windows 7 kompyuta haiendeshi tena autorun.inf ya flashi, na mwaka 2011 Microsoft ilisambaza sasisho la kuizima kwenye XP na Vista pia. Mlango ule ulifungwa, minyoo wakahamia kwenye kidole cha mtumiaji.

Kabla ya kubonyeza Scan now

Chomoa waya wa mtandao au zima Wi-Fi mara tu umalizapo kupakua sasisho. Chomoa flashi zote na diski zote za nje. Kompyuta nyingine za dukani zilizo kwenye mtandao huohuo nazo zichomolewe, na zote zisafishwe kabla hata moja haijarudishwa. Kusafisha moja moja huku nyingine zinaendelea na kazi ni kupoteza siku.

Kisha hakikisha Defender yenyewe iko hai. Fungua PowerShell kama administrator uandike:

Get-MpComputerStatus | Select AMRunningMode, AntivirusSignatureLastUpdated

Safu ya kwanza ikisema Normal, ni sawa. Ikisema Not running au Passive, huenda kuna antivirusi nyingine imeshika usukani, na mara nyingi ni ile ya majaribio iliyokuja na kompyuta na muda wake ukaisha. Iondoe, uwashe upya. Safu ya pili ni tarehe ya mwisho ya kusasishwa. Usiipite haraka, kwa sababu skani ya offline inatumia orodha ya virusi iliyopo kwenye kompyuta wakati huo. Orodha ikiwa ya miezi sita nyuma, utaskani kwa macho ya miezi sita nyuma.

Kama sasisho linagoma, usishangae. Kuzima Windows Update ni mbinu ya zamani ya minyoo. Conficker, aliyeanza kusambaa Novemba 2008, alizima huduma hiyo na kuzuia tovuti za kampuni za antivirusi zisifunguke. Njia ya kuzunguka ni kupakua faili la mpam-fe.exe kutoka tovuti ya Microsoft kwa kompyuta safi na kulihamishia kwenye kompyuta mgonjwa. Lina zaidi ya MB 100, kwa hiyo pima bando. Chagua la biti 64 kama Windows yako ni ya biti 64, la sivyo halitakubali. Kwa kulibeba, tumia kadi kubwa ya SD yenye kilimi cha kufunga pembeni, au DVD. Flashi ya kawaida ukiichomeka kwenye kompyuta mgonjwa, hesabu kuwa nayo imeugua.

Angalia pia kama mnyoo, au kraki ya kuamilisha Windows iliyokutangulia, ilijiombea msamaha kwa Defender:

Get-MpPreference | Select ExclusionPath, ExclusionProcess

Ukikuta C:\ nzima au folda ya AppData kwenye orodha hiyo, Defender imekuwa ikipita mlangoni bila kubisha. Iondoe kwa Remove-MpPreference -ExclusionPath ukifuatisha na njia yenyewe. Hizi kraki zinazokutaka uzime Defender kwanza ndipo zifanye kazi ni chanzo kikubwa cha ugonjwa huu, na zinaumiza kwa sababu mwenye kompyuta mwenyewe ndiye anayefungua geti.

Jambo la mwisho, na wengi huliruka: BitLocker, usimbaji wa Windows unaoifunga diski kwa ufunguo. Laptop nyingi za Windows 11 zimesimbwa bila mwenyewe kujua. Andika manage-bde -protectors -get C: na kama inatokea namba ndefu ya tarakimu 48, ipige picha kwa simu. Kompyuta ikiwaka katika mazingira tofauti inaweza kuidai, na bila namba hiyo data yako itakaa ndani imefungwa.

Skani yenyewe

Njia ni Windows Security, Virus & threat protection, Scan options, kisha chagua Microsoft Defender Antivirus (offline scan) na ubonyeze Scan now. Anayependa amri aandike Start-MpWDOScan kwenye PowerShell. Hifadhi kazi zako kwanza, kwa sababu kompyuta inajizima muda mfupi baadaye bila kubembeleza.

Inachofanya ni kuwasha WinRE, ile Windows ndogo ya ukarabati iliyo kwenye sehemu yake ya diski, na kuskani Windows kubwa ikiwa imelala. Mnyoo hayuko kwenye memori. Hana wa kumlinda, hana wa kuandika tena Run, na faili lake halijashikwa na mtu. Hii ndiyo thamani yote ya kifaa hiki, na kwa hili tunaisifu bila kusita: kitu ambacho ndani ya Windows kinarudi mara tano, hapa kinaondoka mara moja.

Microsoft inakadiria kama dakika 15. Kwenye diski ya zamani ya kuzunguka, jipe muda zaidi, na laptop iwe kwenye chaja. Dakika hizo hazitoshi kupita kila faili la diski ya GB 500, kwa hiyo kompyuta ikirudi fanya Full scan ya kawaida ukiwa bado nje ya mtandao. Hiyo iache usiku.

Upungufu wake wa kwanza ni ukimya. Ikimaliza inajiwasha upya na kukurudisha kwenye Windows bila kusema imekuta nini. Lazima uende Protection history kutazama, na wakati mwingine hapo panakuwa patupu. Mafaili ya kumbukumbu yako C:\Windows\Microsoft Antimalware\Support. Fungua linaloanza na MPLog kwa Notepad na utafute neno Threat. Kifaa kinachoheshimu mtumiaji wake kingeweka matokeo kwenye kioo.

Upungufu wa pili unawachanganya zaidi: unabonyeza Scan now, kompyuta inawaka upya, na baada ya sekunde chache uko kwenye Windows kama vile hukubonyeza kitu. Sababu karibu kila mara ni WinRE iliyozimwa. Andika reagentc /info kwenye Command Prompt ya administrator. Ikisema Disabled, andika reagentc /enable kisha ujaribu tena. Ikijibu kwamba picha ya Windows RE haikuonekana, basi aliyepiga Windows hiyo aliifuta sehemu ya ukarabati, au alitumia Windows iliyopunguzwa ili iwe nyepesi. Bado kuna njia. Fungua faili la install.wim la toleo lilelile la Windows kwa 7-Zip, ingia Windows\System32\Recovery, toa Winre.wim, uliweke kwenye C:\Windows\System32\Recovery, kisha:

reagentc /setreimage /path C:\Windows\System32\Recovery
reagentc /enable

Ni robo saa ya kazi, na unabaki na kompyuta yenye uwezo wa kujikarabati siku nyingine.

Inachokiacha nyuma

Hapa ndipo tulipoipa moja. Mnyoo amekufa lakini nyumba aliyoivuruga imebaki vilevile.

Dalili ya kwanza huonekana asubuhi: kisanduku cha Windows Script Host kinachosema haiwezi kupata faili fulani la skripti ndani ya AppData\Roaming. Watu wakikiona wanaamini mnyoo amerudi. Hajarudi. Faili limefutwa, ila maandishi ya Run yanayoliita yamebaki. Ni jina kwenye orodha ya mahudhurio, mwenyewe hayupo. Pakua Autoruns ya Microsoft Sysinternals, iendeshe kama administrator, na kwenye Options washa Hide Microsoft Entries na Verify Code Signatures. Mistari ya njano inaita mafaili yasiyokuwepo. Ya waridi haina sahihi inayothibitika. Usifute kwa hasira. Ondoa tiki kwanza, washa upya, tazama kama kuna kilichoharibika, ndipo ufute. Madereva mengine halali ya printa nayo hutokea kwa rangi ya waridi. Pitia Logon na Scheduled Tasks kwa makini, kisha Image Hijacks, ambako minyoo huandika Debugger ili antivirusi ikiitwa ifunguke kitu kingine au isifunguke kabisa.

Autoruns ni bure pia, na kwa maoni yetu ndiyo nusu ya pili ya kifaa hiki. Defender Offline bila Autoruns ni panga bila mpini.

Winlogon, sehemu ya Rejistri inayoongoza kuingia kwenye Windows, itazamwe kwa heshima. Kwenye HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Winlogon, Shell iwe explorer.exe peke yake, na Userinit iwe C:\Windows\system32\userinit.exe, pamoja na mkato wake wa mwisho. Kama mnyoo aliibadilisha Userinit ikaelekea kwake peke yake, na antivirusi ikamfuta bila kurekebisha, kompyuta itakubali nywila, itaonyesha Welcome, kisha itakutoa palepale. Mafundi wengi wakiona hivyo wanapiga Windows. Kumbe dawa ni kuingia Command Prompt kwa diski ya Windows, kufungua regedit, kupakia faili la SOFTWARE kutoka C:\Windows\System32\config kwa Load Hive, na kuurudisha mstari mmoja.

Task Manager ikisema imezimwa na administrator, futa DisableTaskMgr, na ndugu yake DisableRegistryTools, kwenye HKCU\Software\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System. Ukichagua kuonyesha mafaili yaliyofichwa na Windows inarudisha chaguo la zamani kila unapobofya OK, nenda HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Explorer\Advanced\Folder\Hidden\SHOWALL. CheckedValue iwe DWORD yenye 1. Minyoo huifanya 0, au huifuta na kuandika nyingine ya aina ya maandishi ambayo Windows haiisomi, na kwa jicho la haraka zinafanana.

Intaneti ikikataa wakati Wi-Fi inaonyesha imeunganika, tazama proksi kwanza. Kwenye mipangilio ya Proxy, anwani ya 127.0.0.1 usiyoijua ni mabaki, izime. Kisha fungua C:\Windows\System32\drivers\etc\hosts kwa Notepad, na mistari isiyoanza na alama ya # inayotaja Microsoft au kampuni za antivirusi iondoe. Windows Update ikiwa imezimwa, andika kwenye Command Prompt ya administrator:

sc config wuauserv start= demand
sc config bits start= demand

Nafasi baada ya alama ya sawasawa ni lazima. Ukiisahau kwenye kompyuta nyingi amri inakataa.

Mwisho wa ukarabati ni mafaili ya mfumo. Anza na DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ndipo sfc /scannow. Utaratibu huu una sababu: sfc inachukua vipuri kutoka ghala ambalo DISM ndiyo inayolitengeneza. Ukianza na sfc wakati ghala lenyewe bovu, itakuambia imeshindwa kurekebisha baadhi ya mafaili, na utakuwa umepoteza nusu saa. DISM inahitaji intaneti. Kama huna, ielekeze kwenye install.wim ya diski kwa /Source:wim:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess, na namba ya mwisho iendane na toleo lako.

Flashi za wateja

Usizifomati. Katika ugonjwa huu barua na picha za mteja ziko humohumo, zimefichwa tu. Kompyuta ikishakuwa safi, chomeka flashi, usiifungue kwa kubofya, na uiskani kwanza. Full scan ya Defender kwa kawaida haiingii kwenye flashi, kwa hiyo iambie waziwazi kwenye Command Prompt:

"C:\Program Files\Windows Defender\MpCmdRun.exe" -Scan -ScanType 3 -File E:\

E ni herufi ya flashi yako. Ikimaliza, fichua mafaili:

attrib -s -h -r E:\* /s /d

Andika -s na -h kwa pamoja. Wanaoandika -h peke yake hujibiwa kwamba faili la mfumo halibadilishwi, wakadhani flashi imekufa. Na amri hii usiielekeze C: kamwe, kule kuna mafaili yaliyofichwa kwa haki yao. Baada ya hapo futa shotikati kwa del E:\*.lnk.

Wakati mwingine baada ya attrib hakuna faili linaloonekana, ila kuna folda moja isiyo na jina, mara nyingine yenye ikoni ya diski. Jina lake ni nafasi isiyokatika, herufi ambayo haionekani kwa macho. Familia ya Andromeda, inayoitwa pia Gamarue, ilijulikana kwa mbinu hii: inahamishia kila kitu cha mteja humo na kuacha shotikati moja mlangoni. Ifungue, kata vyote vilivyomo, bandika nje, kisha ifute. System Volume Information na faili la WPSettings.dat ndani yake ni vya Windows, viache.

Kuna na mnyoo anayejifanya folda kwa ikoni. Washa File name extensions kwenye menyu ya View, upange kwa Details. Folda halisi haina kitu kwenye safu ya Size. Ukiona "folda" nane na kila moja ina KB zilezile, na jina linaishia .exe, hizo si folda, ni nakala nane za mnyoo mmoja.

Kwa kompyuta ya dukani, funga mlango wenyewe:

reg add "HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows Script Host\Settings" /v Enabled /t REG_DWORD /d 0 /f

Kuanzia hapo wscript haisomi skripti yoyote, na mnyoo wa VBS akibofywa anakutana na ukuta. Gharama yake ni kwamba slmgr ya kuamilisha Windows nayo ni skripti ya VBS, na baadhi ya programu za hesabu za zamani pia. Ukizihitaji, rudisha 1 kwa muda. Mnyoo wa .exe hazuiliwi na amri hii, kwa hiyo si kinga kamili, lakini kwa duka linalopokea flashi kutwa nzima ni mstari mmoja unaookoa mengi.

Nyingine, kwa ufupi

Microsoft Safety Scanner, faili la msert.exe, inafaa pale Defender imeharibiwa kiasi cha kutofunguka. Inatumia orodha ileile ya Microsoft, inaisha muda siku 10 baada ya kuipakua, na matokeo yake yako C:\Windows\debug\msert.log. Malwarebytes ya bure ni jicho la pili zuri. Ukiisakinisha inakupa siku 14 za toleo la kulipia, na baada ya hapo unaskani kwa mkono. Kaspersky Rescue Disk inatumia Linux na inafaa pale Windows haiwaki kabisa, ila kama kompyuta ilizimwa kwa kawaida na Fast Startup imewashwa, diski itafunguka kwa kusoma tu na hakuna kitakachofutwa. Kabla ya kuitumia zima kwa shutdown /s /f /t 0.

Kupiga Windows upya tunakukubali katika hali mbili. Moja, ni kirusi kinachoingia ndani ya mafaili ya .exe, kama Sality, kwa sababu antivirusi ikisafisha mamia ya programu baadhi zitabaki zimekatika. Pili, ukikuta kuna mtu wa mbali amekuwa akiiendesha kompyuta, maana huwezi kujua alichoacha. Reset this PC ikitumia Cloud download inakula takriban GB 4 za bando. Kuokoa bando chagua Local reinstall, au kama una diski ya Windows uwashe kwa diski hiyo. Katika hali zote mbili nywila zibadilishwe kwa simu, si kwa kompyuta ile, na kila akaunti itolewe kwenye vifaa vyote, kwa sababu kidakuzi (cookie) cha kivinjari kilichoibwa kinaendelea kufungua akaunti hata nywila ikibadilika.

Kwa wenye kompyuta nyingi kwenye mtandao mmoja, zima SMB1, njia ya zamani ya kushirikiana mafaili mtandaoni. Mnyoo WannaCry wa Mei 12, 2017 alipita kwenye tundu lake, miezi miwili baada ya Microsoft kutoa kiraka cha MS17-010. Amri ni Disable-WindowsOptionalFeature -Online -FeatureName SMB1Protocol. Mashine za fotokopi za zamani zinazotuma skani kwenye folda ya kompyuta zitaacha kutuma, kwa hiyo zihamishie kwenye barua pepe kwanza.

Na walio bado kwenye Windows 10: msaada wake uliisha Oktoba 14, 2025. Microsoft imesema orodha ya virusi ya Defender itaendelea kusasishwa hadi Oktoba 2028, lakini orodha haizibi matundu ya mfumo.

Kuthibitisha kwamba kazi imeisha, chukua flashi tupu, weka folda moja na faili moja la Word. Ichomeke kwenye kompyuta iliyosafishwa, iache dakika tano, ichomoe. Fanya hivyo tena baada ya kuwasha upya, na tena kesho yake, kwa sababu baadhi ya kazi za Scheduled Tasks zimepangwa kuamka mara moja kwa siku. Kila mara ichunguze kwa dir /a E:\. Kinachotakiwa kuonekana ni folda yako, faili lako na System Volume Information. Ikitokea .lnk hata moja, rudi Autoruns.